Mrefu wa Benchi la Oklahoma City

Mdogo wangu ana miaka 17, na hakuna mlango wa nyumba yetu hapa Buigiri anaoupita bila kuinama. Watu wa stendi wameshalisahau jina lake, wanamwita Hasheem. Jumamosi moja ya Machi tulikuwa kivulini, kina mama wakingoja mabasi na mabeseni yao ya zabibu, mzee mmoja akamwonya: "Mjukuu wangu, usije ukawa kama huyo mwenye jina. Kaenda Marekani, kakalia benchi, karudi." Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, ila jioni hakwenda uwanjani.

Mimi nasoma historia, na nimezoea kuamini kwamba vitabu vya hesabu husema mambo ambayo vijiwe havisemi. Kwa hiyo nikafungua hesabu.

Mwaka 2009, kwenye drafti ya NBA (si hii ya vizibo vya soda tunayocheza stendi), Memphis ilimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa 2. Wa 3 alikuwa James Harden, aliyekwenda Oklahoma City. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Hapo ndipo kejeli zinapoanzia, na sikatai: Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka mmoja haukupita Memphis wakamshusha ligi ya chini kwa muda. Kisha akapelekwa Houston, kisha Portland. Julai 2012 akatua Oklahoma City.

Oklahoma City walikuwa wametoka kucheza fainali. Walikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook, Harden na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, wote vijana, wote wakifikia umri wa kudai stahili yao. NBA ina ukomo wa mishahara tangu msimu wa 1984/85, ulipoanza na dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Msimu wa 2012/13 ulikuwa dola milioni 58. Anayesikia hivyo hudhani ni ukuta. Si ukuta. Ipo kanuni yenye jina la Larry Bird wa Boston inayoiruhusu timu kuvuka ukomo ili isimpoteze mchezaji wake yenyewe. Kinachouma kiko juu yake: kodi ya anasa, ambayo msimu ule ilianzia milioni 70 na ushee. Na kuanzia 2013/14 viwango vyake vilikuwa vinapanda ngazi kwa ngazi: dola na nusu kwa kila dola ya kwanza iliyozidi, kisha zaidi na zaidi. Kwa timu ya mji mdogo, hiyo ndiyo hesabu iliyowanyima usingizi.

Durant alikuwa na mkataba mnono. Westbrook pia. Agosti 2012 Ibaka akapata wa takriban milioni 48 kwa miaka minne. Harden alitaka kima cha juu kabisa, karibu milioni 60. Timu ikasimama milioni kadhaa chini yake. Oktoba 27, 2012, siku chache kabla ya msimu kuanza, wakampeleka Houston. Yaani wa 2 na wa 3 wa mwaka 2009 walivaa jezi moja kwa wiki chache tu, halafu yule wa thamani ndiye akaondolewa, yule wa benchi akabaki.

Kwa nini akabaki? Kwa sababu alilipwa kama dola milioni 1.2 kwa mwaka. Kikosi chenye nyota watatu wa bei hiyo hakikamiliki bila watu kama yeye: warefu, wavumilivu, wa gharama nafuu. Msimu ule alicheza mechi 66. Hakuwa hasara katika daftari lile. Alikuwa nafuu.

Mabadilishano ya Harden yalileta pia haki za kuchagua chipukizi, na moja ilitumika Juni 2013 kumchukua Steven Adams wa New Zealand, mrefu mwenzake. Msimu uliofuata mechi za Thabeet zikashuka hadi 23. Agosti 2014 Oklahoma City wakampeleka Philadelphia pamoja na fedha taslimu. Siku chache baadaye Philadelphia wakamwacha. Hakurudi tena NBA. Kwa hiyo hata deni la Harden, kwa njia ya mzunguko, lililipwa pia na Mtanzania.

Durant mwenyewe aliondoka 2016. Fedha mpya za televisheni ziliurusha ukomo kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mwaka mmoja, na Golden State walikuwa bado wanamlipa Curry kwa mkataba wa bei poa aliousaini 2012, vifundo vya miguu vikimsumbua. Nafasi ikapatikana.

Nilimwonyesha mdogo wangu hesabu hizi jikoni. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Wangembakiza Harden, Adams asingekuja?"

"Asingekuja kwa njia ile."

"Basi Hasheem angecheza."

Nikamwambia mbele yake alikuwepo Kendrick Perkins.

"Analipwa ngapi huyo?"

"Kama milioni nane."

Akapiga mluzi, akaniuliza mpira nimeuweka wapi.