Wingi na Uchache katika Mifumo ya Simu: Habari za CyanogenMod na Wenziwe

Simu ya kwanza kuuzwa na mfumo wa Android ilitoka Marekani mwezi wa Oktoba 2008. Iliundwa na HTC, ikapewa jina la T-Mobile G1, na kwa kipimo cha leo ilikuwa kitu kinyonge: kichakataji chake kilikwenda kwa megahezi 528, na kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa megabaiti 192 tu. Mwezi uliofuata kasoro ya ajabu iligunduliwa ndani yake. Kila herufi iliyobonyezwa ilipelekwa mahali pawili: penye ujumbe ulioandikwa, na katika kiini cha mfumo, ambako ilipokewa kama amri itokayo kwa mwenye mamlaka yote. Mtu aliyeandika, katikati ya mazungumzo yake, neno la Kiingereza la kuiamuru mashine izime na kuwaka upya, aliiona simu ikitii papo hapo. Google iliiziba kasoro hiyo upesi. Walakini wenye udadisi walikwisha kuingia kwa mlango huo, na hawakuwa tayari kutolewa tena.

Fundi mmoja aliyejulikana kwa jina la JesusFreke alianza kutoa mfumo uliobadilishwa, ambao mwenye simu aliweza kuuweka badala ya ule wa kiwandani. Alipoacha kazi hiyo mwaka 2009, Steve Kondik, aliyejiita Cyanogen, aliiendeleza, na kwa jina lake ukazaliwa mradi wa CyanogenMod. Yafaa kukumbuka kwamba nyongeza za awali zilitokana na dhiki. Nafasi ya programu katika G1 ilikuwa ndogo mno, hata mwenye simu alilazimika kufuta moja ili apate kuweka nyingine. Basi mafundi wakabuni njia ya kuzihamishia programu katika kadi ya kumbukumbu. Google yenyewe iliruhusu jambo hilo mwaka 2010, katika Android 2.2. Hapo hapakuwa na ugomvi baina ya wingi na uchache, maana kila kilichoongezwa kilikuwa kimehitajiwa na mtu.

Mwezi wa Septemba 2009 Google ilimpelekea Kondik barua ya kumtaka aache kugawa programu zake zisizo huria, kama vile ramani, barua pepe na soko la programu. Msimbo wa Android wenyewe ulikuwa huru kwa kila mtu, bali programu hizo zilikuwa mali ya kampuni. Suluhisho lilikuwa kuzitoa, na kumwachia kila mwenye simu aziweke mwenyewe akitaka. Hivyo mfumo mtupu, usio na kitu ila kilicho lazima, uliletwa kwanza na sheria. Wengi wakaupenda.

Sababu ya kupendwa kwake haikuwa mbali. Watengenezaji wa simu walikuwa wamefanya mazoea ya kuifunika Android kwa mapambo yao, na kampuni za mawasiliano nazo zilitia programu ambazo mnunuzi hakuziomba wala hakuweza kuziondoa. Samsung ilipotoa Galaxy S4 mwaka 2013, toleo lililouzwa kuwa la gigabaiti 16 lilimbakizia mnunuzi pungufu ya 9. Zilizosalia zilikwisha kuliwa na mfumo. Mtu huyo alilipia ghala, akakabidhiwa nusu yake, na nusu nyingine ikajazwa vitu vya mwenye duka.

Lakini mafundi waliolikimbia jambo hilo walilirudia kwa mlango mwingine. Mradi wa AOKP ulioanza mwaka 2011 ulijipatia sifa kwa wingi wa marekebisho yake. Herufi K katika jina lake yasimama kwa neno la mzaha la mafundi wale, lenye maana ya kuchukua kazi ya mwingine na kuitia katika yako. Paranoid Android nao ulileta mwaka 2012 namna ya kuifanya kila programu ionekane kwa ukubwa wake peke yake, kama kwamba ipo katika simu au katika kompyuta bapa. Na mwaka uliofuata ukaleta HALO, kiduara kilichoelea juu ya skrini na kubeba taarifa za ujumbe. Kulikuwa na ushindani, na katika ushindani huo orodha ndefu ilikuwa ndiyo sifa. Mradi usio na swichi ambayo jirani anayo ulihesabiwa kuwa umelala.

Gharama ya swichi haionekani kwa anayeibonyeza. Swichi kumi, ambazo kila moja yaweza kuwashwa au kuzimwa, zinaupa mfumo hali 1,024 mbalimbali. Swichi ishirini zinaupa hali zaidi ya milioni moja. Hakuna kundi la watu wa kujitolea, wanaofanya kazi usiku baada ya ajira zao, liwezalo kuzijaribu zote. Na zaidi ya hayo, Google ilitoa Android mpya takriban kila mwaka, na kila badiliko lililokuwa limeshonwa katika mfumo wa zamani lilipaswa kufumuliwa na kushonwa upya. Aliyebadili mistari michache alimaliza mapema. Aliyebadili kila pembe alianza kila mwaka kama mgeni.

Paranoid Android walilitambua hilo kwa uchungu. Katika toleo lao la mwaka 2014 waliyaacha mambo mengi yaliyowapa jina, HALO ikiwamo, wakajenga upya yaliyo machache. Wako wafuasi waliolalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya kipumbavu, kwa kuwa mtu aliyeichagua romu kwa ajili ya kitu kimoja hafarijiki akiambiwa kwamba msimbo sasa ni safi. Mwaka 2015 baadhi ya mafundi hao waliajiriwa na OnePlus kuunda OxygenOS, mfumo uliosifiwa kwa wepesi wake.

CyanogenMod walikuwa wamepita njia nyingine. Mwaka 2013 Kondik na wenziwe walitangaza kampuni, Cyanogen Inc., iliyopata dola milioni 7 za mtaji wa kwanza. Mwaka 2015 mkuu wake alisema hadharani kwamba walikusudia kuinyang'anya Google Android. Kampuni yenye shabaha hiyo ilihitaji washirika, na washirika walitaka nafasi ndani ya simu. Mnamo Februari 2016 Cyanogen ilitoa nyongeza zilizozitia huduma za Microsoft, kama Skype na Cortana, ndani ya mfumo wenyewe. Mradi uliopendwa kwa kuondoa mizigo ya wengine ukawa mchukuzi wake. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba huduma zake zingekoma tarehe 31.

Watu wa kujitolea waliuchukua msimbo na kuuita LineageOS, wakatoa matoleo ya kwanza Januari 2017. Ile injini ya kubadilisha sura ya mfumo mzima, iliyokuwa fahari ya CyanogenMod, haikuwamo. Jambo jingine lilikuwa limekwisha kuzidi uzito: tangu Agosti 2015, baada ya kufichuliwa kwa udhaifu wa Stagefright, Google ilitoa marekebisho ya usalama kila mwezi, na mfumo usioyapokea ulimwacha mwenyewe wazi. GrapheneOS, iliyopata jina hilo mwaka 2019, ilikwenda mbali zaidi, ikajifunga katika usalama na faragha, na kwa simu za Pixel pekee. Mwenye simu ya zamani ya kampuni nyingine hana la kufanya nayo. Yeye humtazamia LineageOS.

Hata hivyo, walioongeza hawakufanya kazi bure. Swichi za haraka katika pazia la taarifa zilikuwamo katika CyanogenMod kabla ya Google kuziingiza katika Android 4.2, mwaka 2012. Uwezo wa kuinyima programu ruhusa moja moja, ambao CyanogenMod iliutoa mwaka 2013, ulikuja kwa watu wote katika Android 6.0, mwaka 2015. Nacho kiduara kinachoelea na mazungumzo ndani yake, kinachofanana na kile ambacho Paranoid Android walikitupa mwaka 2014 ili wapumue, kilitokea katika Android 11, mwaka 2020, kwa mkono wa Google yenyewe.