Pia Haikuwa na Karani

Vitabu vinapoutaja Ungoni hutaja kwanza Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na Nkosi Mputa Gama, ambaye Wajerumani walimnyonga Songea mwaka 1906. Ni haki kabisa. Lakini kwetu Maposeni kulikuwa na maisha mengine ambayo hayakuingia vitabuni, na mojawapo ni mchezo wa pia.

Pia ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa bapa juu na chenye ncha chini. Tuliicheza kiangazi, uwanja ulipokwisha kukauka. Mtoto alifunga ugwe wa gome la mti kwenye kijiti, akauviringisha kwenye pia, kisha akauvuta kwa nguvu. Pia ilitua ikizunguka, naye akaifuata akiichapa. Kuzunguka ndiko kunakoisimamisha. Msuguano wa ardhi huipunguzia kasi, ikaanza kuyumba, na isipochapwa huanguka. Aliyechapa kwa pupa aliirusha majanini. Aliyechapa kwa kiasi ndiye aliyeshinda.

Mchezo huu si wetu peke yetu. Mshairi wa Kirumi Virgil aliwataja watoto wakichapa pia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1560 Bruegel aliuchora katika picha yake ya michezo ya watoto. Huko Ireland, kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi walipewa kazi ya kuwauliza wazee wao habari za kale, michezo ikiwemo, na kuziandika. Maandishi yao yamehifadhiwa hadi leo mjini Dublin.

Na sisi je? Lugha imetutunzia kidogo. Mfupa wa mbele ya goti tunauita pia ya goti, na katika hisabati umbo lenye kitako cha duara na ncha moja huitwa pia. Wako watoto wanaolichora umbo hilo daftarini ambao hawajapata kuishika pia yenyewe.

Vita viliandikwa kwa kuwa watawala walikuwa na makarani. Pia haikuwa na karani. Wanaojua mti upi haupasuki na gome lipi halikatiki ni wazee wetu. Mwalimu mmoja na darasa moja wanatosha kuianza kazi hii. Wazee hao wakishaondoka, hakuna jalada la serikali litakalotujibu.