Bei ya tembo na bei ya shamba: sheria za wanyama Mikumi hadi Ruaha

Mwaka 2024 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitimiza miaka 60. Watanzania wengi wameijua kupitia dirisha la basi. Msafiri wa Iringa, Mbeya, Songea au Tunduma huikatiza kwa kilometa 50 hivi bila kulipa kiingilio, na akiwa macho huwaona twiga na pundamilia kabla hajafika mjini Mikumi. Sidhani kama kuna hifadhi nyingine nchini iliyomsogelea mwananchi wa kawaida kiasi hicho.

Ukifika Mikumi mjini ukakata kushoto kuelekea Ifakara, unapita Kidodi mpaka Ruaha, kata ya Kilosa iliyo ukingoni mwa mto Ruaha Mkuu. Ng'ambo ni Kidatu, Wilaya ya Kilombero. Huku kuna miwa, mpunga na mahindi, na pande zote kuna hifadhi: Mikumi kwa kaskazini, Milima ya Udzungwa kwa magharibi, na mashariki ile iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mkulima wa hapa amezungukwa na sheria za wanyama kuliko sheria nyingine yoyote ya nchi. Baada ya miaka 60 ya Mikumi, ni wakati mzuri wa kuuliza sheria hizo zimetoka wapi na zilimfikiria nani.

Zilianza kwa Mjerumani. Mei 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uwindaji ukawa wa leseni, na maeneo mawili yakatengwa, moja upande wa Kilimanjaro na jingine Rufiji, mbegu ya Selous ya baadaye. Mtu ambaye babu yake alikwenda porini na wavu na mbwa bila kuomba ruhusa kwa yeyote akaambiwa kwamba nyama ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni serikali.

Wanahistoria wameonyesha amri kama hizo zilifanya nini mashambani. Thaddeus Sunseri, aliyeandika juu ya njaa na nguruwe pori Uzaramo, anaunganisha mambo mawili. Wanaume walikuwa wakiondoka kufanya kazi za wakoloni na uwindaji ukibanwa, hivyo nguruwe wakazidi na wanawake wakabaki peke yao kulinda mazao usiku. Kwake, hiyo ni sehemu ya chimbuko la vita vya Majimaji. Vita hivyo vilipolipuka mwaka 1905 havikukomea Umatumbi vilikoanzia. Ifakara ilianguka Agosti, Mahenge ikashambuliwa tarehe 30 mwezi huohuo, na Wavidunda wa milima hii iliyo juu ya Ruaha nao wakaingia. Shuleni tulifundishwa pamba, kodi na kazi za shuruti, na ni kweli. Nguruwe pori hakutajwa, ingawa kila mkulima wa Kidodi angemwelewa mara moja.

Mwingereza aliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919 chini ya Charles Swynnerton, akatunga sheria ya uwindaji mwaka 1921, na mwaka 1922 pori la Rufiji likapewa jina la Selous. Idara ile ilikuwa na kazi mbili zinazovutana: kulinda wanyama na kuwapiga. Askari wake walitumwa vijijini kuua tembo waliovamia mashamba, na wazee wa kusini walilijua jina la Ionides, mtumishi wa idara hiyo, kwa kazi hiyo. Zikafuata sheria za 1940 na 1951, kisha ile ya hifadhi za taifa ya 1959. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitia saini Azimio la Arusha la Wanyamapori na kuahidi kwamba Tanganyika itautunza urithi huo. Mikumi ikatangazwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975. Leo ina kilometa za mraba 3,230.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao haujaisha mpaka leo, ugomvi wa barabara.

Njia ya Morogoro kwenda Iringa ilikuwa ikipita katika mbuga hii kabla ya kuwapo hifadhi. Ilikuwa ya vumbi, na kwa kuwa iliwafikisha wawindaji kirahisi, ilichangia kuonekana haja ya ulinzi. Lakini Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia ikakosa njia salama ya kupeleka shaba baharini na kuleta mafuta nyumbani. Mzigo ukahamia Dar es Salaam. Malori ya mafuta yakaanza kupishana mchana na usiku katika vumbi na tope, na magari mengi yakaishia mitaroni. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya muongo huo. Tanzania ilijitoa kwa ajili ya ndugu zake wa kusini, na nitalisema hilo kwa fahari siku zote. Sehemu ya gharama hiyo ililipwa na wanyama wa Mikumi.

Lami huleta mwendo kasi. Wakati wa mvua bonde la Mkata, lililo ndani ya hifadhi, hujaa maji, wanyama hupanda sehemu za juu, na barabara iko hapohapo. Usiku taa za lori humpumbaza swala akasimama katikati ya njia. Mchana nyani hukaa ukingoni wakisubiri maganda ya ndizi na mahindi ya kuchoma yanayorushwa na abiria, ingawa kulisha wanyama ni kosa. Mtoto wa nyani akilirukia ganda lililoangukia katikati ya lami, basi linalofuata halina muda wa kumkwepa. Mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha uchunguzi wake wa wanyama wanaouawa na magari Mikumi, na nyani aliwapa nafasi ya pekee. Mwaka uliofuata William Newmark na wenzake wakachapisha wa kwao, kuhusu namna barabara hiyo inavyoathiri wanyama wakubwa. Kwa hiyo tangu wakati huo hakuna kiongozi anayeweza kusema hakuambiwa.

Serikali ilijibu kwa matuta, kwa vibao vya mwendo, 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na kwa bango. Bango hilo linastahili kusomwa taratibu. Lina majina ya wanyama, na mbele ya kila jina kuna kiasi atakacholipa atakayemgonga, kwa dola za Marekani. Tembo 15,000. Twiga 15,000. Simba 4,900. Nyati 1,900. Pundamilia 1,200. Swala pala 390. Ni thamani zilezile zilizowekwa na kanuni za mwaka 2012 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya 2009, na ndizo zinazosomwa mahakamani jangili anapokamatwa na nyara.

Madereva wana malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Husema barabara ilitangulia hifadhi. Husema mnyama hana ratiba, na kwamba faini ikishalipwa, tajiri humgeuzia kibao dereva. Wahifadhi hujibu kwamba anayekwenda 50 usiku ana nafasi ya kushika breki, na kwamba vibao havikuwekwa kwa mapambo. Katika hili niko upande wa wahifadhi. Lakini sheria yenyewe ina tundu: hulipa yule anayesimama. Aliyemkanyaga fungo au swala saa nane usiku akaendelea na safari hakuna anayemjua, na asubuhi yake hubaki damu kwenye lami na tai juu ya mti. Faini inayomwadhibu mwaminifu na kumwacha aliyekimbia haiwezi kupunguza vifo. Kamera za mwendo na wakaguzi usiku kucha kwenye kilometa hizo 50 vingefanya kazi ambayo bango halijaifanya.

Sasa rudi Ruaha na bei zilezile kichwani. Tembo yuleyule akivuka usiku akaingia kwenye mpunga wa mtu, kinachotumika ni kanuni nyingine, ya mwaka 2011, ya kifuta jasho na kifuta machozi. Viwango vyake vya awali vilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, tena kwa ekari zisizozidi tano. Aliyelima ndani ya mita 500 za mpaka hakupata kitu. Mtu akiuawa na mnyama, familia yake ilipangiwa shilingi milioni moja. Wakati kanuni hizo zinatungwa, tembo mmoja wa dola 15,000 alikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi wamelilalamikia jambo hili kikao baada ya kikao, na serikali imeahidi mapitio zaidi ya mara moja.

Sisemi tembo ashushwe bei. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous na Mikumi walikadiriwa kuwa 109,000 hivi, na sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Ujangili ulitumaliza, na Operesheni Uhai ya 1989 ilionyesha kwamba nchi ikiamua inaweza kuuzima. Operesheni Tokomeza ya 2013 nayo ilionyesha upande wa pili: ilisimamishwa baada ya wananchi kuteswa na mifugo kuuawa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Sheria kali ikitekelezwa bila kumjali binadamu, jirani wa hifadhi huacha kutoa taarifa za majangili.

Mifugo nayo ina historia yake Kilosa, na ni ya uchungu. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Sheria za mifugo zilizofuata, ya magonjwa mwaka 2003, ya utambuzi na ya malisho mwaka 2010, zote zilihitaji ardhi iliyopimwa na watumishi wa kuzisimamia vijijini.

Na kuna sheria moja inayotajwa mara chache kuliko zote: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008. Inamtaka anayefuga, anayesafirisha na anayechinja asimtese mnyama, ampe maji, chakula na nafasi ya kusimama. Simama kando ya barabara kuu utazame lori la ng'ombe linaloelekea Dar es Salaam: wamebanwa pembe kwa pembe, mmoja ameanguka, wenzake wanamkanyaga, na kijana aliye juu anampiga mkiani ili ainuke. Lori hilo hupita mbele ya bango la dola 15,000 bila kuulizwa. Kwa nini askari anayesimamisha gari kwa mwendo kasi asimame kimya mbele ya mateso hayo, hali sheria ipo tangu 2008?

Wizara ya Maliasili na Utalii ipandishe kifuta jasho kifikie gharama halisi ya ekari ya mpunga, na ilipe katika msimu uleule ambao mkulima amepoteza zao. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iweke wakaguzi wa Sheria ya 2008 kwenye vizuizi vya barabara kuu, kuanzia Mikumi. Nawe msafiri, ukiingia kwenye zile kilometa 50, mwambie dereva apunguze mwendo, na ganda la ndizi libaki ndani ya basi.