Askofu Frank Weston na Kazi ya Shuruti

Wengi wetu tusikiapo jina la Askofu Frank Weston twakumbuka mabishano yake juu ya mkutano wa Kikuyu wa mwaka wa 1913, naye kweli alikuwa mkali. Lakini katika Yubile hii twapenda kutaja jambo jingine.

Alifika Unguja mwaka wa 1898, akafundisha Kiungani, na mwaka wa 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Kiti chake kilikuwa katika kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka wa 1873. Mwaka wa 1916, wakati wa vita, alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akaenda nao bara yeye mwenyewe, mkuu wao. Basi mashaka ya mpagazi aliyajua kwa macho, si kwa kuambiwa.

Mwaka wa 1918 alitoa kitabu kidogo kuwashitaki Wajerumani kwa jinsi walivyowatenda Waafrika. Hilo halikuhitaji ushujaa mwingi, maana Wajerumani walikuwa maadui. Lakini mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey, katika nchi ambayo mwaka uliofuata iliitwa Koloni ya Kenya, alitoa waraka kwamba maofisa wawahimize machifu watoe watu kwenda mashamba ya Wazungu. Na chifu akihimizwa na bwana shauri, ni nani kijijini asiyejua maana yake? Maaskofu wa Mombasa na Uganda waliona hatari yake, ila wakakubali shuruti kwa kazi za serikali, mradi iwe chini ya sheria. Askofu Frank alikataa: kumshurutisha mtu namna hiyo ni dhambi, hata sheria ikiruhusu. Mwaka wa 1920 akatoa kitabu cha pili, kikifuata kile cha kwanza, na safari hii walioshitakiwa walikuwa Waingereza, ndugu zake.

Wengine pia walipaza sauti Uingereza, na mwaka wa 1921 waziri Winston Churchill aliagiza maofisa wasiwatafutie tena wenye mashamba vibarua. Shuruti kwa kazi za serikali haikukoma.

Mwaka wa 1923, huko London, aliwaambia wapendao ibada nzuri kwamba Yesu wa altareni yumo pia katika maskini waonewao. Akarudi kwetu, akafa Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, mwenye miaka 53.