Maua na Ubax: majina mawili, maana moja
Ua, wingi wake maua, ni sehemu ya mmea inayochanua. Lisichanganywe na ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Wanyankole wa Mbarara husema ekimuri. Maua ni jina la kike pia kwa Waswahili, na Wasomali wana Ubax, lenye maana hiyo hiyo. Herufi x katika maandishi rasmi ya Kisomali, yaliyopitishwa mwaka 1972, hutamkwa kama h ya kooni, wala si ks. Kwa hiyo wengine huandika Ubah. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, penye lugha nyingi, jina la mtu halitafsiriwi. Ubax akiandikwa Maua katika hati nyingine, mtu mmoja huonekana wawili. Tahajia na iwe moja kote.