Mtoto wa Kulea: Rob Minkoff na Filamu ya Familia Ikitazamwa Kutoka Marafa

Kwenye ukingo wa Nyari, pale Marafa, mwendo wa kilomita 30 na ushei kutoka Malindi, mgeni hupewa kisa kabla hajateremka bondeni. Hapo kale palikuwa na nyumba moja tajiri, yenye ng'ombe wengi hata maziwa yakawashinda kunywa, wakawa wanayaoga. Mungu akachukizwa, ardhi ikatitia, mji wao ukamezwa na vyote vilivyokuwamo. Michirizi myeupe ya zile kuta za mchanga ni maziwa. Myekundu ni damu ya ng'ombe. Wako wasimulizi wenye kisa kingine, cha watu walioonywa wahame na bibi kizee aliyekaidi, na wanajiolojia nao wana chao, cha mvua na upepo uliokula mchanga karne baada ya karne. Waingereza walipaita Hell's Kitchen. Wagiriama husema Nyari, mahali palipojivunja penyewe, na jina hilo ndilo linalonivuta. Nyumba ile haikuvunjwa na adui. Ilishiba, ikajifungia, ikajivunja.

Kisa hiki ni kipimo kizuri cha kazi ya mtu ambaye hana habari nacho. Rob Minkoff, mzaliwa wa Palo Alto, California, mwaka 1962, ni miongoni mwa waongozaji waliojenga kile ambacho Hollywood hukiita filamu ya familia. Jina hilo kwa kawaida huelezwa kwa kuangalia watazamaji: baba, mama na watoto wanaokaa kochi moja bila mmoja wao kuona haya. Makala haya yanadai kwamba kwa Minkoff jina linastahili kwa sababu nyingine. Swali lake la kudumu, kuanzia simba hadi panya hadi mbwa, ni nani ana haki ya kuhesabiwa wa nyumba. Naye hulijibu kwa namna ambayo mtazamaji wa pwani ataikubali nusu na kuikataa nusu: anajua kulea, ila ukoo hakuujua.

Alianza chini kabisa. Baada ya masomo ya katuni katika chuo cha CalArts aliingia Disney mwaka 1983, akapewa kazi ya kuchora picha za katikati katika The Black Cauldron. Mchoraji mkuu huchora kiwiko kikiwa chini, kisha kiwiko kikiwa juu. Kijana wa picha za katikati ndiye anayekinyanyua, karatasi kwa karatasi, maana sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24. Ni kazi ya kukaa baina ya mikono ya watu wengine, na jina la anayeifanya halitajwi barabarani. Mwaka 1989 na 1990 aliongoza filamu mbili fupi za Roger Rabbit, Tummy Trouble na Roller Coaster Rabbit, za mbio na vurugu tupu. Hakuna ndani yake dalili ya simba.

The Lion King ilimfikia ikiwa imekwisha kuanza safari. Mnamo Novemba 1991 kikosi cha watayarishaji kilizuru Kenya, kikafika hadi Hell's Gate, Naivasha, kutazama miamba na nyasi. (Waingereza hawakuacha kuiona jehanamu kila walipokuta jiwe letu limesimama vibaya.) Wakati huo Minkoff alikuwa hajakabidhiwa filamu. Mwongozaji mmojawapo, George Scribner, aliyependelea sura iliyo karibu na filamu ya wanyama halisi, alijitoa walipoamua iwe ya nyimbo, na Aprili 1992 Minkoff akaketishwa kando ya Roger Allers. Ilipotoka mwaka 1994, baada ya kupita katika mikono ya zaidi ya wasanii na mafundi 600, iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kucheka kidogo kwanza. Simba anaitwa Simba, sawa na mtu kumwita mwanawe Mtu. Fisi mkuu ni Shenzi, nguruwe ni Pumbaa, mama yake shujaa ni Sarabi, yaani yale mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu kwenye barabara ya Marafa saa sita mchana. Tena kwenye ngano zetu simba hana ufalme wa kujivunia. Ni mwenye nguvu na tamaa ambaye sungura humtia mashimoni kila kisa. Na fisi! Kwa Wagiriama kiapo kizito kuliko vyote kilikuwa cha fisi, silaha ya wazee wa kaya. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowaamsha watu wakatae kazi ya lazima na kodi ya Waingereza, wanawake walilishwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Aliyekulia kwenye simulizi hizo akimwona fisi amefanywa kibaraka mwenye njaa atajua kwamba majina yametoka kwetu na maana zimetoka kwingine.

Kuhusu hakuna matata yamesemwa mengi, nami nitapita upesi. Teddy Kalanda na bendi yake ya Them Mushrooms waliyatia maneno hayo katika wimbo Jambo Bwana mwaka 1982, kwa masikio ya watalii wa mahoteli ya pwani, na Boney M wakautoa kwa sauti yao mwaka uliofuata. Disney iliomba kuyasajili kama alama ya biashara mwaka 1994, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wakapiga kelele mtandaoni. Kelele zilikuwa za haki, ila zilisahau jambo moja: ndani ya filamu yenyewe maneno hayo ni fundisho la wakimbizi wawili wasio na watu, Timon na Pumbaa, na sehemu yote ya mwisho inalipinga. Simba anaambiwa arudi kwao, kwa sababu ana kwao.

Hapo ndipo lugha yetu inapoanza kuisoma filamu hii kwa ukali kuliko lugha yake. Scar ni mdogo wa Mufasa. Kiingereza humwita kwa neno moja linalowafunika ndugu wa baba na ndugu wa mama pamoja. Msimulizi wa kibanda cha video hawezi kujificha nyuma ya neno hilo. Kazi ya wasimulizi hawa, akina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, ambao huchukua filamu ya kigeni na kuisema upya kwa Kiswahili juu ya sauti zake, ni kuchagua. Akisema mjomba, hadithi inaporomoka, kwa kuwa mjomba hana dai lolote juu ya kiti cha shemeji yake. Akisema baba mdogo, au ami kama wasemavyo waungwana wa Malindi, kila kitu kinakaa sawa na kinauma zaidi: baba amemuua baba, kisha akamwambia mtoto kwamba kosa ni lake. Watu hupenda kuitaja Hamlet wanapoieleza filamu hii. Mimi naona neno baba mdogo linatosha.

Na huyo mjomba halisi yuko wapi? Kaka zake Sarabi hawatajwi. Bibi hayupo. Shangazi hayupo. Mtoto amefiwa na baba, amefukuzwa na baba mdogo, na upande wote wa mama ni jangwa. Kwa hadhira ya pwani hili ni pengo la kushangaza kuliko nguruwe anayeimba, kwa kuwa mtoto aliyekosa pa kulala kwa baba hukimbilia kwa mjomba. Minkoff na wenzake waliufuta ukoo ili jangwa liwe jangwa kweli, kisha wakampa mtoto walezi wasiohusiana naye kwa damu wala kwa kabila la wanyama. Ukatili wa filamu uko hapo, na ukarimu wake uko hapo pia.

Je, haya ni ya Minkoff au ni ya studio? Swali ni la haki. Disney ilikuwa ikiwafisha wazazi tangu Bambi ya 1942, na filamu yenye mikono 600 haina mwenyewe mmoja. Lakini tazameni alichochagua baadaye, alipokuwa na uhuru wa kuchagua. Stuart Little ya 1999 ilitokana na kitabu cha E. B. White cha mwaka 1945. Katika kitabu, panya Stuart ni mtoto wa kuzaliwa wa bwana na bibi Little. White hakujisumbua kueleza ilikuwaje. Katika filamu, wazazi wanakwenda kwenye nyumba ya mayatima na kumchagua panya mbele ya watoto wa watu. Badiliko hilo si dogo. Ajabu ya maumbile imegeuzwa kuwa uamuzi wa nyumba. Kisha paka wanapanga hila: wanaleta panya wawili wanaojidai ndio wazazi wa damu, na mtoto anakabidhiwa kwao. Damu, katika filamu hii, ndiyo inayotumiwa kwa uongo. Ulezi ndio unaosema kweli.

Miaka 15 baadaye, katika Mr. Peabody & Sherman, anakwenda mbali zaidi. Mbwa msomi amemlea mtoto wa binadamu aliyeokotwa, kwa idhini ya mahakama, na ofisa wa ustawi wa jamii anataka kumnyang'anya. Hata Paws of Fury ya 2022, aliyoiongoza pamoja na wengine wawili, ni ya mbwa anayetaka kukubaliwa katika mji wa paka. Kuna kazi za katikati zisizonigusa: The Haunted Mansion ya 2003, iliyotokana na kivutio cha Disneyland, ni kelele tu, na The Forbidden Kingdom ya 2008 itakumbukwa kwa kuwakutanisha Jackie Chan na Jet Li. Hata hivyo uzi hauwezi kukanwa. Mtu huyu, kila alipopewa mnyama, alimtafutia nyumba isiyo yake.

Kasoro ninayoiona ni ya namna anavyofikiri kuingia nyumbani. Stuart anapopokewa anapewa jina la nyumba, kitanda, mahali mezani, na alikotoka kunafungwa. Kumpata kwa akina Little ni kumtoa kwingine. Ulezi wa pwani haufanyi hesabu hiyo. Mtoto wa kulea hubaki na jina la babake; analala kwa mama mkubwa, anasomeshwa na mjomba, sikukuu anarudi kwa bibi, wala haulizwi amechagua nani. Kwa Waislamu hili ni la sheria pia: aliyelelewa haitwi kwa nasaba ya mlezi, na Kenya yenyewe iliutambua ulezi huo, uitwao kafala, katika Sheria ya Watoto ya 2022. Kwetu kulea ni kuongeza. Kwa Stuart ni kuhama.

Kwa kipimo hicho The Lion King, ambayo ndiyo yenye makosa mengi zaidi ya lugha na ya wanyama, inageuka kuwa ya karibu nasi kuliko zote. Simba harudi peke yake. Timon na Pumbaa wanamfuata, wanapigana vita visivyo vyao, na mwishoni wako juu ya jabali pamoja na watu wa damu. Walezi hawakuachwa porini kama ngazi iliyokwisha kupandwa.

Linganisha na Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018 na kutajwa kwa heshima na baraza la waamuzi watoto, kisha Kenya ikaiteua kuiwakilisha katika Oscar. Jo ni msichana anayeumwa ugonjwa usio na tiba. Anajiona shujaa wa sinema. Mama anamtoa hospitali, amlete nyumbani afie kwao. Dada yake, Mwix, ndiye anayekataa kumwacha alale tu akingoja, na polepole kijiji kizima kinaingia katika njama ya kumfanya mtoto aamini kwamba ana nguvu, hadi wanatengeneza filamu ambayo yeye ndiye nyota. Si rahisi studio ya Hollywood ikubali kifo hicho katika filamu ya watoto. Wainaina aliweza kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Minkoff hakuwa nacho: jirani. Huzuni ya nyumba moja ikigawanywa kwa kijiji kizima, mtoto anayetazama anaweza kuibeba. Na si bahati kwamba mmoja wa wanaoongoza njama hiyo ni Mike, mwenye kibanda cha sinema, mtu wa kazi ileile ya kuzisema upya hadithi za wengine.

Mara ya mwisho nilipokuwa Nyari, jua likielekea Galana na kuta zikiwa nyekundu kama kaa, nilimuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza kama katika ile nyumba ya waoga maziwa hakusalimika hata mtoto mmoja, labda mvulana aliyekuwa machungani siku hiyo. Alifikiri. Akasema hajawahi kusikia, lakini kama alikuwako, basi alilelewa na hao majirani waliokuwa wamenyimwa maziwa, na huenda yeye mwenyewe ni mjukuu wake. Kisha akatuhimiza tupande juu kabla giza halijaingia.