Land Rover ya Zamani na Chumvi ya Pwani

Kila nikiulizwa kuhusu Land Rover ya zamani inayouzwa huku Pwani, jibu langu ni moja: usidanganywe na bodi. Gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikaundwa kwa alumini, ambayo haishiki kutu. Lakini chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Hewa yetu ya chumvi huila kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Basi ingia uvunguni na nyundo ndogo. Gonga hasa boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Muuzaji akikukatalia kugonga, ondoka zako. Tazama pia pale alumini inapogusana na chuma: unga mweupe ni dalili kuwa alumini inaliwa.

Injini hainitishi, fundi mzoefu huifungua hata chini ya mwembe. Langu naliosha uvunguni kila nikitoka ufuoni, kwa maji ya mfereji (visima vyetu vingi vina chumvi vilevile), nazibua vitundu vya kutolea maji, na kabla ya masika napulizia oili ndani ya chesisi.